Naomba ushauri: tasnifu moja, masomo mawili

Salaam ndugu zangu. Niko mwaka wa mwisho hapa Kampala, nasoma Kiswahili na Historia kwa pamoja. Zimebaki wiki mbili niwasilishe mada ya tasnifu, na usingizi sipati.

Moyo wangu uko kwenye Kiswahili cha jeshini. Babu yangu alikuwa askari. Nyumbani Jinja huongea Kisoga siku nzima, lakini akikasirika tu, hubadilika: "Simama hapo! Toa mkono mfukoni!" Bibi huacha kumenya ndizi, akanyamaza kimya. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na tangu 2005 katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wazee wengi bado wakikisikia wanakumbuka bunduki. Nataka kuwauliza hofu hiyo wameibebaje miaka yote hii.

Sasa mwalimu wa historia anadai nyaraka, masimulizi peke yake hayamtoshi. Wa isimu anataka nirekodi sauti na kuchambua msamiati. Nikimridhisha mmoja, mwingine anasema kazi si ya kwake.

Ipo mada nyepesi zaidi, Kiswahili cha wafanyabiashara wa mpakani Busia. Wote wawili wangeikubali, ila hainigusi hivyo.

Waliosoma masomo mawili, mliwezaje kuwaunganisha wasimamizi? Na mzee akianza kulia katikati ya mahojiano, nizime kinasa sauti au niendelee? Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi.