Nilibatizwa nikiwa mchanga. Je, nibatizwe tena ziwani?

Mwana wa Magu aliuliza:

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana Yesu asifiwe kwa wanaosalimiana hivyo. Nina miaka 31. Nilizaliwa Magu na nikabatizwa parokiani nikiwa na miezi miwili. Cheti kipo, na msimamizi wangu wa ubatizo bado yu hai. Tangu nihamie Mwanza mjini ninasali katika kanisa linalobatiza kwa maji mengi, na mwezi ujao kundi letu litapelekwa ziwani, upande wa Nyegezi. Mchungaji ameniambia kwa upole kwamba kumwagiwa maji nikiwa sijui lolote hakukuwa ubatizo. Nilipompigia mama kumweleza, alilia. Sitaki kushindanisha madhehebu. Ninachotaka kuelewa ni hiki: ubatizo ni tendo langu mimi kwa Mungu, au ni tendo la Mungu kwangu?

Mzee wa Kanisa, Igoma:

Mdogo wangu, neno la Kiyunani lililotupatia neno "batiza" lina maana ya kuchovya au kuzamisha, na yule towashi wa Matendo 8 alishuka majini pamoja na Filipo baada ya kuhubiriwa habari za Yesu. Petro naye, katika Matendo 2:38, anataja toba kwanza, kisha ubatizo. Mtoto wa miezi miwili hawezi kutubu. Ndiyo maana sisi hatusemi kwamba tunabatiza mara ya pili. Kwetu huo ndio wa kwanza. Siku nilipozamishwa, mchanga wa ziwa ukididimia chini ya miguu yangu na kwaya ikiimba ufukweni, nililielewa lile la Warumi 6, kwamba tumezikwa pamoja na Kristo ili tufufuke naye. Maji yaliponifunika nilijua kwamba nimezikwa. Hata hivyo, usimdharau mama: alikutoa kwa Bwana kwa imani aliyokuwa nayo.

Mkunga mstaafu, Ilemela:

Mwanangu, nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimembatiza mtoto njiti aliyekuwa akikata roho, kwa maji ya bomba kwenye kikombe, nikimmwagia kichwani huku nikisema kwamba ninambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote kufanya hivyo panapokuwa na hatari ya kifo, mradi akusudie linalokusudiwa na Kanisa. Mtoto yule hakukiri chochote. Alipokea tu. Nami naamini kwa moyo wote kwamba alichopokea ni kizima, wala si nusu ya ubatizo, kwa sababu anayebatiza ni Kristo mwenyewe, na mkono wangu uliokuwa ukitetemeka ulikuwa chombo tu.

Wala usidhani kwamba sisi tunaona mafundisho na imani ya mtu mzima kuwa jambo dogo. Wamisionari wa Afrika waliovuka ziwa hili kwenda Buganda mwaka 1879 walikuwa na agizo la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, kwamba anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Lakini mwezi Mei 1886, wafia dini wa Uganda walipokuwa wakingoja hukumu, Karoli Lwanga, ambaye hakuwa padri, aliwabatiza pale Munyonyo wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaofundishwa kabla ya kubatizwa, akiwamo kijana Kizito. Kwao maji yale yalikuwa na uzito kiasi hicho. Mwenzao Mukasa Kiriwawanvu aliuawa kabla hajabatizwa, na Kanisa linasema alipata ubatizo wa damu. Kwa hiyo Mungu hafungwi na maji, ila sisi tumeagizwa tuyatumie, na alama ya ubatizo haifutiki hata mtu akiisahau. Ukiri wako wa leo ni wa kweli, mwanangu. Utamke kama jibu la ahadi uliyokwisha kupewa.

Mkristo wa Kilutheri, Sengerema:

Waefeso 4:5 inasema, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Nami pia nilibatizwa mtoto, nikapata kipaimara baada ya mafundisho, na hapo ndipo nilipoyakiri mwenyewe yale niliyosemewa na wazazi na wadhamini wangu. Ninalokuomba ni moja tu: usiingie majini kwa sababu kundi lako linaingia. (Na wanaobatiza ziwani wachague mahali kwa uangalifu, mbali na matete, maana kichocho kipo kweli katika fukwe zetu.)

Mwana wa Magu:

Asanteni sana, na shikamoo mama mkunga. Nimemwomba mchungaji asiniweke kwenye orodha ya mwezi ujao, naye amekubali bila kinyongo. Jumamosi nitakwenda Magu kumwona mama, kisha nimuulize msimamizi wangu aliahidi nini siku ile kwa niaba yangu, kwa kuwa katika miaka hii yote sijawahi kumuuliza.