Desktop ya zamani haiwaki, naambiwa bodi imekufa: nianze kupima wapi?

MwanaKinondoni

Wakuu, salaam. Nina desktop ya mtumba, prosesa Core 2 Duo E8400 (soketi LGA 775), RAM mbili za DDR2 za GB 2 kila moja, hadidiski ya SATA ya GB 250, pawa saplai ya wati 300, Windows 7. Tangu umeme ulipokatika ukarudi juzi usiku, haiwaki.

Ukibonyeza batani, mara nyingi kimya kabisa. Ukirudia mara tano au sita, feni zinazunguka sekunde mbili kisha zinazima. Mara mojamoja feni zinaendelea kuzunguka ila monita haipati picha na hakuna mlio wowote. Taa ndogo ya kijani iliyo kwenye bodi (ubao mkuu wa ndani) inawaka lakini inapepesa. Pia kwa miezi kadhaa tarehe imekuwa ikirudi mwaka 2008 kila mashine ikichomolewa ukutani.

Fundi amesema bodi imekufa. Nina multimita ya dijitali na bisibisi. Kabla sijanunua bodi, nipime nini kwanza?

mita_mkononi

Mkuu, bodi iache kwanza. Taa inayopepesa ndiyo ya kufuata. Taa hiyo inalishwa na waya wa zambarau wa pawa saplai, yaani volti 5 za kusubiri, zinazotoka muda wote mashine ikiwa imechomekwa ukutani hata kama imezimwa. Batani ya kuwashia nayo inategemea volti hizohizo. Zikiyumba, bodi nzima itaonekana maiti wakati haina kosa.

Pima hivi, plagi kubwa ya pini 24 ikiwa bado imechomekwa kwenye bodi. Weka mita kwenye DC volti 20. Ncha nyeusi iguse chuma cha kasha mahali pasipo na rangi. Ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya plagi, panapoingilia waya, mpaka iguse chuma cha ndani. Usiiache iguse pini mbili kwa pamoja.

Zambarau, mashine ikiwa imezimwa: inatakiwa isome kati ya 4.75 na 5.25, na namba itulie. Angalia tena wakati mwenzako anabonyeza batani; isishuke chini ya 4.75.

Waya wa kijani (unaobeba amri ya batani): karibu volti 5 ikiwa imezimwa (hata 3 na kitu si tatizo), na ishuke karibu na sifuri ukibonyeza batani. Isiposhuka, shida ni batani, waya wake au bodi. Kuitoa batani kwenye mashaka, chomoa waya zake kwenye bodi, kisha gusanisha pini mbili zilizoandikwa PWR kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja tu.

Kijivu: hii ndiyo pawa saplai kuiambia bodi "umeme uko sawa". Inatakiwa ifike volti 5 ndani ya nusu sekunde baada ya kuwaka. Feni zikizunguka huku kijivu kikibaki sifuri, prosesa haitaanza kazi, na picha hutaiona hata ubadilishe RAM kumi.

Mashine ikiwaka, pima pia njano (11.40 hadi 12.60), nyekundu (4.75 hadi 5.25) na chungwa (3.14 hadi 3.47).

Utaambiwa uchomoe plagi, uunganishe kijani na nyeusi kwa kibanio cha karatasi, feni ikizunguka basi pawa saplai ni nzima. Jaribio hilo linawaponza wengi. Feni kuzunguka kunathibitisha kwamba volti 12 zipo bila mzigo, basi. Zambarau iliyochoka inaweza kusoma 5 bila mzigo, ikaporomoka ikibebeshwa bodi. Ndiyo maana nasema upime ikiwa imechomekwa.

Halafu usifungue kasha la pawa saplai yenyewe. Kwenye umeme wetu wa volti 230, kapasita (kifaa kinachotunza umeme) kubwa ya ndani inashika zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa ukutani.

kaka_wa_spea

Naongezea moja. Kama mashine ilitoka Marekani, tazama nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115/230. Kwetu lazima isome 230. Ikiwa kwenye 115 halafu ukachomeka ukutani, utasikia mlipuko na pawa saplai imekwisha papo hapo. Ukipata nyingine ya mtumba, hilo ndilo la kukagua kabla ya kuchomeka chochote.

MwanaKinondoni

Nimepima, shukrani. Zambarau ikiwa imezimwa: 4.1, namba inacheza. Nikibonyeza batani inashuka hadi 3.2. Kijani inashuka vizuri. Kijivu haifiki hata volti 1. Swichi ya nyuma iko 230.

mita_mkononi

Basi jibu umelipata: pawa saplai. Sehemu ya volti 5 za kusubiri inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kapasita zake hukauka kabla ya nyingine. Zikiwa na moto bado zinajikongoja. Umeme ukikatika zinapoa, na umeme ukirudi zinashindwa kuanza. Ndiyo sababu mashine za namna hii hulala nzima na kuamka zimekufa, watu wakasema bodi imepigwa na umeme.

Unaponunua nyingine, wati 300 za kweli zinatosha kama huna kadi ya picha. E8400 imekadiriwa wati 65. Cha kuangalia ni haya: umbo (ATX ya kawaida ni milimita 150 kwa 86 kwa 140, kasha jembamba huwa na umbo lake), plagi ya pini 24, plagi ndogo ya pini 4 yenye njano mbili na nyeusi mbili kwa ajili ya prosesa, na plagi za SATA. Linganisha mpangilio wa rangi za waya na wa zamani, pini kwa pini. Baadhi ya kampuni zilitumia plagi inayoingia vizuri lakini waya zimepangwa kivyake, na hapo ndipo bodi nzima inaungua kweli.

Usiisahau ile ya pini 4. Isipochomekwa, feni zitazunguka, picha hakuna.

LehemuSafi

Kabla hujafunga pawa saplai mpya, kagua kapasita za bodi zilizozunguka soketi ya prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba, kimepasuka kwenye ule mkato wa juu, au kuna uchafu wa kahawia chini yake, hiyo imekufa hata kama mashine bado inajivuta.

Kubadilisha: uwezo uleule (microfaradi zilezile), volti zilezile au zaidi kidogo, joto nyuzi 105, na ziwe za ukinzani mdogo, zile za kazi ya bodi. Kapasita ya redio yenye namba zilezile itavimba tena upesi, kwa sababu haijaundwa kubeba mkondo unaopanda na kushuka kwa kasi namna ile. Pima kipenyo pia. Nafasi ya kapasita ya milimita 8 haikai ya 10 kirahisi.

Mstari ubavuni mwa kapasita ni upande hasi. Alama ya bodi usiiamini kwa kukariri: nyingi zimepaka nusu duara upande hasi, ila zipo zilizopaka upande chanya. Piga picha kabla ya kung'oa. Bodi inanyonya joto sana, kwa hiyo ongeza risasi mbichi kidogo kwenye ile ya zamani ndipo iyeyuke. Ukivuta kwa nguvu unang'oa na bati la ndani ya tundu.

MwanaKinondoni

Kapasita zote bapa. Nimefunga pawa saplai nyingine, zambarau 5.06, imetulia, kijivu 4.9. Inawaka na haizimi. Picha bado, mlio hakuna.

mita_mkononi

Hapo sasa ni RAM. Chomoa ukutani, bonyeza batani sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, toa RAM zote mbili. Hakikisha kispika kidogo kimechomekwa kwenye pini zilizoandikwa SPEAKER, maana bila hicho hutasikia lolote. Washa bila RAM. Ikilia, bodi na prosesa ni wazima. Isipolia, rudi kwenye pini 4.

Ikilia, futa meno ya RAM kwa raba safi ya penseli pande zote mbili, pangusa kwa spiriti, iache ikauke. Safisha tundu kwa mswaki mkavu. Rudisha moja tu, isukume mpaka vibano vyote viwili vijifunge vyenyewe. Ikikataa, ihamishie tundu la pili, kisha jaribu na ya pili.

Betri ya CR2032 weka mpya sasa hivi. Ikisoma chini ya volti 2.7 haifai, mpya husoma 3 na zaidi kidogo.

MwanaKinondoni

Imelia bila RAM. Nimesafisha, RAM moja imekubali tundu zote, ya pili inakataa kote. Betri ya zamani 1.9, nimebadilisha. Picha imekuja, lakini Windows inaanza kisha skrini ya bluu 0x0000007B inapita haraka, inajiwasha upya.

kaka_wa_spea

Usipige Windows upya! Betri ilipokwisha, BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows) ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hali ya SATA, yaani namna bodi inavyoongea na hadidiski, imebadilika. Hali ziko mbili, AHCI na IDE: Windows iliwekwa ikiwa kwenye AHCI, sasa inakuta IDE, au kinyume chake, hivyo haiioni hadidiski yake yenyewe. Ingia BIOS (F2, F10 au Delete kutegemea bodi), tafuta SATA Mode au SATA Operation, weka ile nyingine, rekebisha tarehe, hifadhi, toka.

MwanaKinondoni

Ilikuwa IDE, nimeweka AHCI. Imewaka mpaka kwenye dawati, mafaili yote yapo. Ile RAM iliyokataa naitafutia mbadala wa DDR2 GB 2.

kaka_wa_spea

Chukua ya kasi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, PC2-6400 au PC2-5300. Na iwe ya desktop, pini 240. Ile fupi ya laptop haiingii, na DDR3 mkato wake uko mahali pengine.