Wauzaji wa leza za heli-neoni za mtumba, mnatuona sisi mazezeta?

Wakuu, habari za muda huu. Nina dukuduku na leo nalitoa lote. Mods msiuhamishie uzi huu kwenye matangazo madogo, mimi siuzi kitu.

Natafuta leza ya heli-neoni, ile nyekundu ya maabara, wanafunzi wa fizikia waone kwa macho yao mistari ya mwanga na giza kwenye kifaa cha Michelson, kile kinachogawa mwanga mara mbili kisha kuuunganisha tena. Msinishauri kalamu ya leza ya elfu tano, mwanga wake hautulii kwa kazi hiyo. Mpya inazidi dola elfu moja na hizo hatuna, kwa hiyo ni mtumba. Na huko kwenye mtumba ndiko nilikokutana na vituko.

Kuna jamaa mmoja Dar ameweka picha ya boksi la aluminiamu juu ya zulia. Maelezo: "Leza mashine, orijino ya Mjerumani, milioni moja na laki nane, maongezi yapo." Basi. Namwomba picha ya lebo, ananitumia boksi lile lile kwa upande wa pili. Naomba tena, anatuma kibandiko cha njano chenye alama ya jua. Bosi, hilo ni onyo! Linataja kikomo cha daraja la usalama, halisemi leza inatoa nini. Yenye onyo la "isiyozidi miliwati 5" inaweza kuwa ilitoka kiwandani ikitoa miliwati 1 tu. Halafu wewe unaipandishia bei kwa hiyo 5!

Ninachotaka ni lebo ndogo ya mtengenezaji: jina, namba ya modeli, mwaka. Namba ndiyo inayosema kila kitu. Mfano Melles Griot: ukikuta 05-LHR-111 hiyo ni nyekundu ya miliwati 1, 05-LHR-151 ni ya miliwati 5, ikiwa LHP badala ya LHR, mwanga wake umepolaraizika, yaani mawimbi yake yanatetemeka upande mmoja tu, na baadhi ya majaribio yanaitaka hiyo. Herufi moja tu inabadilisha bei. Sasa mtu anakuuzia kitu hajageuza hata kusoma mgongoni.

Nikasema haya, nionyeshe inawaka. Akatuma video, mfuniko umefunguliwa, mrija wa kioo wenye gesi ya kutoa mwanga unaonekana wote. Wakuu, mrija unang'aa zambarau! Ukutani hakuna nukta yoyote. Nikamuuliza mwanga wenyewe uko wapi. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Bosi hii ni ya bluu, nimeulizia kumbe bei yake iko juu zaidi, sasa ni milioni mbili."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nyekundu ya nanomita 632.8 ilipatikana mwaka 1962, na rangi nyingine zinazouzwa ambazo jicho linaziona ni kijani ya 543.5, njano ya 594.1 na chungwa ya 612. Bluu haimo. Mrija mzima ukiwaka unatoa rangi ya pinki inayoelekea chungwa. Zambarau maana yake hewa imeingia, gesi imeharibika, huo mrija ni maiti. Na ukitazama vizuri kwenye video, lile doa la geta ndani ya kioo, yaani metali ya kunyonya gesi chafu, ambalo linatakiwa ling'ae kama fedha au liwe jeusi la kung'aa, limekuwa jeupe kama maziwa. Ushahidi anautoa mwenyewe halafu anaongeza laki mbili!

Wala msiniambie "haijatumika sana, ilikuwa kabatini". Mirija ya zamani ambayo vioo vyake vimebandikwa kwa gundi inavujisha heli hata bila kuguswa, kabatini humo humo. Ndiyo maana nauliza mwaka, siulizi kwa umbea.

Huyo wa pili ndiye karibu aniue. Ana kichwa kizuri kabisa cha silinda, yaani ganda lenye mrija ndani, lebo ipo, namba inasomeka. Nikafurahi. Pawa saplai je? "Ipo." Kufika dukani, waya wa kichwa umekatwa, ile plagi nene ya Alden ya volti kubwa haipo, na wameunganisha kwa tepu nyeusi kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine kabisa. Mrija mdogo wa aina hii unaendeshwa kwa volti kati ya 1,000 na 2,500 hivi, lakini kuuwasha unataka mshtuko wa volti 7,000 hadi 10,000. Kwa tepu ya fundi wa taa za ukumbini! Na hata ukichomoa, umeme unabaki ndani, ukishika unarushwa. Hakuna aliyejua waya upi ni chanya na upi ni hasi. Ukigeuza, mrija unaweza kuwaka kama kawaida huku unajimaliza wenyewe.

Na kilele: pembeni ya hiyo pawa saplai imeandikwa volti 115. Kijana alikuwa ameshashika plagi anataka kuchomeka kwenye soketi yetu ya 230. Nilipiga kelele duka zima likageuka. Akaniambia, "Mzee tulia, umeme ni umeme."

Sitaki hata kuanza na yule dalali aliyenipigia kuninong'oneza kuwa ndani ya mrija kuna zebaki nyekundu, ile ya uzushi inayosemwa ina thamani ya ajabu. Saudia mwaka 2009 watu waligombania cherehani za Singer kwa maneno haya haya. Ndani kuna heli na neoni kidogo sana, jamani. Haifiki hata thamani ya vocha uliyotumia kunipigia.

Sasa tuongee bei, maana najua mtasema nataka vya bure. Hoja yao kuu ni "mpya dola elfu, nakuuzia nusu". Ya mpya unalipia mrija hai na dhamana. Mimi nyekundu ya miliwati 1, iliyowashwa mbele yangu ikakaa nusu saa bila kupepesa, na pawa saplai inayolingana nayo kwa mkondo (kwa kawaida miliampia 3 hadi 7, imeandikwa, soma!), natoa laki mbili na nusu. Ya miliwati 5 tunaongea zaidi. Ya kijani au njano inayofanya kazi, hapo panda bei, sitalalamika, ni adimu. Pawa saplai peke yake ikiwa nzima ina thamani yake, hata bila mrija. Mrija usiowaka bila pawa saplai ni pambo la mezani, nakupa elfu ishirini kwa ajili ya silinda.

Ofa iko wazi, hela ipo, niko Dar. Mwenye nayo aweke hapa hapa picha ya lebo ya mtengenezaji, picha ya maandishi ya pawa saplai, na video ikiwaka nukta ikionekana ukutani. Wewe wa bluu usinitafute tena inbox. Na madalali mtupishe.