Programu za mama za Acorn A3000: Raspberry Pi, Arculator au simu? Tulinganishe

binti_makorora
Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Mama yangu alifundisha hesabu shule ya msingi hapa mjini kwa miaka mingi. Miaka ya tisini shule yao ililetewa kompyuta mbili za Acorn A3000 zilizokwishatumika Uingereza. Yeye ndiye aliyekaa nazo jioni hadi jioni mpaka akaijua BBC BASIC, lugha ya kuandikia programu, kisha akaanza kuandika programu zake mwenyewe kwa Kiswahili. Kuna moja ya soko: mtoto anapewa pesa, anakwenda Mgandini kununua nazi, dagaa na unga, halafu anaulizwa chenji yake. Akikosea, mwenye genge anamwandikia "Hesabu tena mwanangu" na kumpangia shilingi mezani moja moja. Nyingine ni ya silabi, ba be bi bo bu, zinapita skrinini mtoto azisome kabla hazijafutika.

Mama alifariki mwaka juzi. Kompyuta moja iko nyumbani na haiwaki. Flopi 14 zimo kwenye bati la biskuti, na juu ya kila moja kuna mwandiko wake.

Mimi sasa nasimamia darasa la jioni Makorora, watoto kama ishirini. Nina laptopu mbili za Windows 10 na nimeahidiwa Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Nimesoma kwamba naweza kutumia emuleta (programu inayoiga kompyuta nyingine) kwenye laptopu, au kuweka RISC OS, mfumo endeshi wa Acorn, kwenye Pi, au BBC BASIC ya kwenye simu. Nilipoweka flopi kwenye kisoma flopi cha USB, Windows ikasema diski haijafomatiwa, je, niifomati? Nikakataa. Nianzie wapi?

fundi_ngamiani
Pole kwa msiba, dada. Na umefanya la maana kukataa, maana ungebonyeza "ndiyo" kazi ya mama ingefutika.

Diski yenyewe huenda ni nzima. A3000 inaandika kwa mpango wa Acorn wa kuhifadhi faili, ADFS, kilobaiti 800, na kila sekta ina baiti 1024. Visoma vya USB vimetengenezwa kwa flopi za PC tu, zile za kilobaiti 720 na za megabaiti 1.44, ambazo sekta zake ni baiti 512. Unachohitaji ni kisoma flopi cha ndani, kile cha utepe mpana kilichokuwa kwenye Pentium za zamani, pamoja na kifaa kidogo kinachoitwa Greaseweazle. Hicho kinasoma mawimbi ya sumaku yenyewe, si faili, kwa hiyo hakijali diski ni ya kompyuta gani. Ninacho hapa barabara ya 12.

Kabla hujaleta, telezesha kile kijilango cha chuma uangalie plastiki ya ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe ni ukungu, na kwa hewa yetu ya bahari ni wa kawaida. Diski ya namna hiyo usiiingize popote, itajikwangua na kuchafua kichwa cha kusomea, kisha kichwa kitakwangua na ya pili yake. Zilizo safi, sogeza kile kipande cha kona mpaka tundu lionekane wazi. Hapo hakuna kitakachoandika juu yake.

babu_mkonge
Mjukuu wangu, nimesoma habari za mama yako nikafurahi sana. Nami nilizitumia mashine hizi chuoni.

Wengi hawajui kwamba hiyo Pi uliyoahidiwa ni damu moja na A3000. Prosesa ya ARM ilibuniwa Acorn, Cambridge, na Sophie Wilson na Steve Furber. Chipu ya kwanza ilifanya kazi Aprili 1985, na herufi A ilikuwa ya Acorn. Sophie Wilson huyohuyo ndiye aliyeandika BBC BASIC. RISC OS 5 imefunguliwa kwa umma tangu 2018, ni bure, na inakwenda kwenye Pi bila emuleta yoyote. Inawaka kwa sekunde chache. Mimi ningeanzia hapo.

chumba_cha_seva
Babu shikamoo. Hapo niongeze tahadhari, maana watu wengi wamekwama palepale.

Damu ni moja lakini si kila programu itakwenda. ARM za zamani zilihifadhi anwani ya programu kwa biti 26, na biti zilizobaki za rejista hiyohiyo zilibeba alama za hali ya prosesa. ARM za sasa zimetenganisha vitu hivyo viwili. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine enzi za A3000 inategemea mpango ule wa zamani, kwa hiyo kwenye Pi itaanguka. BBC BASIC haina shida hiyo, kwa sababu mkalimani wa BASIC aliyeko kwenye Pi ni wa kisasa na anaisoma mistari ileile.

Kwa hiyo dada, jibu liko kwenye aina ya faili. Kila faili la RISC OS lina namba ya aina: FFB ni BASIC, FF8 ni lugha ya mashine. Kama mama aliandika yote kwa BASIC, Pi inakutosha. Zile FF8 (mara nyingi ni programu zilizonunuliwa) zinahitaji emuleta. Ukizihamishia Windows hakikisha namba hiyo haipotei. Emuleta huiweka mwishoni mwa jina baada ya mkato, kwa mfano soko,ffb. Ukiifuta hiyo, RISC OS haitajua ilifungue kwa nini.

binti_makorora
Shikamoo babu, na asanteni nyote. Mama hakujua lugha ya mashine, hilo nina hakika. Ila kuna flopi mbili za kuchora zilizokuja na kompyuta zenyewe, na watoto wa zamani walizipenda mno.

Je, emuleta kwenye laptopu isingemaliza yote kwa pamoja? Kwa nini nihangaike na Pi?

chumba_cha_seva
Ingemaliza, ndiyo. Lakini emuleta nazo ni mbili, na watu huzichanganya.

RPCEmu inaiga Risc PC ya 1994. Ni nyepesi, na laptopu ya kawaida inaimudu. Angalia tu: ukiiwekea RISC OS 5 utakutana na tatizo lilelile la biti 26, kwa hiyo kwa FF8 za zamani inataka toleo la zamani la RISC OS. Arculator, kazi ya Sarah Walker aliyeandika pia PCem (emuleta ya PC za zamani), inaiga mashine za familia ya A3000 kwa mwendo wake halisi, prosesa ya megahezi 8 na flopi zake. Kwa kuiga kwa usahihi hakuna inayoishinda hapa. Inakula nguvu zaidi na inataka ROM ya mashine husika, yaani nakala ya mfumo uliomo kwenye chipu zake za kudumu. ROM hiyo haimo kwenye ile RISC OS iliyofunguliwa 2018. Lakini wewe unayo A3000 yako mwenyewe! Mfumo wote umo ndani ya chipu nne za ROM zinazochomoka kwenye soketi.

fundi_ngamiani
Hizo chipu nitazisoma mimi, kifaa ninacho. Lete mashine nzima, usichomoe mwenyewe. Na kama haiwaki, naweka dau betri imevuja. A3000 ina betri ya kuchaji iliyochomelewa kwenye bodi, na maji yake hula nyaya za shaba taratibu. Ukifungua utakuta ujani.

Kuhusu Pi nina sababu moja kubwa: umeme. Pi inakula wati chache, hata pawabenki nzuri itaiendesha, ukabaki kutafuta monita ya volti 12 ya kuunga kwenye betri ya sola. Laptopu za msaada betri zake huwa zimechoka, na umeme ukikatika saa moja jioni darasa limekwisha. Tengeneza tu nakala ya kadi ya SD, ukae na ya akiba. RISC OS haina nywila wala ulinzi wa mtumiaji, mtoto anaweza kufuta kila kitu kwa mibofyo miwili.

Nunua na kipanya chenye gurudumu. RISC OS inataka vitufe vitatu, na menyu zote ziko kwenye kile cha katikati. Gurudumu likibonyezwa ndilo hicho kitufe.

pangani_pwani
Mimi ni mwalimu pia. Nimejaribu BBC BASIC ya Richard Russell, ile ya SDL, kwenye simu ya Android. Inafanya kazi vizuri na ni bure, na wazazi karibu wote wana simu hizo. Lakini kwa programu kama hizi ina mipaka. Maagizo ya SYS yanayoita RISC OS yenyewe hayaendi, na picha zake ndogo hazitafunguka. Ningeitumia kwa zile programu za maandishi na namba tupu. Kwanza ungezitoa kama maandishi ya kawaida, yaani *SPOOL kisha LIST.

Jambo jingine, hiyo ya silabi itakusumbua kwenye Pi. Programu za zamani zilisubiri kwa kuhesabu: FOR X=1 TO 50000:NEXT. Kwenye Pi kuhesabu huko kunakwisha kabla mtoto hajapepesa jicho. Badilisha iwe T=TIME:REPEAT UNTIL TIME>T+150. TIME inahesabu sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo hiyo ni sekunde moja na nusu kwenye mashine yoyote.

babu_mkonge
Hapa naomba tuheshimu kazi ya marehemu. Faili la asili lisiguswe. Anayetaka kubadilisha abadilishe kwenye nakala, aandike REM (mstari wa maelezo ambao kompyuta huuruka) ya tarehe na jina lake.

pangani_pwani
Nakubaliana nawe kabisa, mzee wangu.

binti_makorora
Naleta majibu baada ya Jumamosi mbili kwa fundi.

Flopi 11 zimesomeka zote. Mbili zina sekta mbovu, lakini kilichopotea ni michoro tu. Moja ina ukungu na hatukuiingiza, nimeifunga peke yake mpaka tupate namna ya kuisafisha. Betri ilikuwa imevuja kama fundi alivyosema, bodi imeliwa pembeni, ila chipu nne za ROM zimesomeka.

Za mama zote ni FFB. Soko imefunguka kwenye Pi mara ya kwanza, rangi zake zilezile na genge lake lilelile. Nilishindwa kuongea kwa muda. Silabi zilipita kama umeme, kwa hiyo nimetengeneza nakala ya TIME kwa darasa, na ya asili nimeiweka kwenye Arculator inakokwenda kwa mwendo aliouzoea yeye. Programu za kuchora ni FF8, nazo ziko Arculator kwenye laptopu moja. Ya simu nimeiacha kwanza.

Kilichobaki kilikuwa bei. Nazi ya kwenye programu ni bei ya enzi zile, na watoto wa sasa wangeshangaa. Nilikuwa naogopa kuigusa, babu, kwa yale uliyosema. Nikaagiza LIST nione bei zimeandikwa wapi. Ziko zote pamoja kwenye mistari ya DATA, na juu yake mama ameandika:

900 REM bei zikipanda badilisha mistari ifuatayo