Thailand: mwenye nyumba hataki kufanya TM30 na ripoti yangu ya siku 90 imekaribia, nianzie wapi?

Ticha wa Kaskazini

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa mliokaa Thailand muda mrefu. Mi nafundisha huku, viza yangu Non-B (ya kazi) na shule imeshanifanyia ekstensheni, yaani kuongezewa muda wa kukaa, ya mwaka. Juzijuzi nimehama, nilikuwa nyumba ya shule sasa nimepanga kondo mwenyewe mkoa huohuo na mkataba tumeshasaini. Shida ni mwenye nyumba, nikimtajia TM30 (fomu ya kuwaarifu uhamiaji kwamba mgeni anakaa kwake) anasema hiyo haimhusu, eti mpangaji aliyepita hakuwahi kumsumbua na mambo hayo, nikimkumbusha kwenye LINE (ile app ya kuchati) anasoma halafu kimya. Ripoti yangu ya siku 90 inaangukia wiki chache zijazo na hapo katikati kuna likizo, wenzangu wanaenda Laos na mi nataka kwenda nao. Sasa mmoja kaniambia nikivuka mpaka nikarudi siku 90 zinaanza upya kwa hiyo nisihangaike kuripoti, mwingine anasema bila TM30 dirishani pale uhamiaji hawakupokei kabisa, wa tatu anasema ekstensheni ndo ripoti yenyewe. Kila mtu na lake. Naombeni mnaojua, nianze na kipi, na faini ikija ni ya kwangu au ya mwenye nyumba?

Mkaazi BKK

Ticha pole na pilika. Hao wenzako wote watatu wamesema kweli nusu ndo maana unachanganyikiwa, na hii ishu inawaumiza watu wengi sana kwa sababu wanachanganya vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina fomu yake na tarehe yake.

Tuanze na ruhusa ya kukaa, hiyo ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye muhuri wa ekstensheni yako, ukiipita unahesabiwa umezidisha muda na ni baht 500 kila siku mpaka ifike 20,000, hiyo usicheze nayo hata kidogo. Halafu kuna TM30, hiyo ni taarifa ya mwenye nyumba au meneja wa hoteli kwamba kuna mgeni kafika kwake, anatakiwa kuitoa ndani ya saa 24. Na kuna TM47, hiyo ndo ripoti ya siku 90, ni ya kwako wewe, unawaambia bado nipo na ninaishi hapa. Zote zimo kwenye sheria ya uhamiaji ya 1979, TM30 inatoka kifungu cha 38 na ripoti yako kifungu cha 37. Kuripoti siku 90 hakukuongezei hata siku moja ya kukaa, na kuwa na ekstensheni hakukuondolei kuripoti.

Huyo aliyesema ekstensheni ndo ripoti, hapo ukweli ni kwamba lile ombi lako la KWANZA la ekstensheni linahesabika kama ripoti. Baada ya hapo saa inaendelea kutembea, kila siku 90 unaripoti hata kama muhuri wako unakupa mwaka mzima. Angalia ndani ya pasipoti kuna kile kikaratasi kidogo wamekibana na pini, ni kipande cha chini cha TM47, pale pamegongwa tarehe ya kuripoti tena. Hiyo ndo tarehe yako, usihesabu kwa vidole.

Muda wa kuripoti unaanza siku 15 kabla ya tarehe hiyo na unaisha siku 7 baada yake. Ukichelewa ukaenda mwenyewe ni baht 2,000. Ukikamatwa hujaripoti inakuwa 4,000.

Baharia

Ongezea hapo kwenye Laos maana ndo penye hatari kubwa kuliko hiyo TM30. Ni kweli ukitoka nchini ukarudi hesabu ya 90 inaanza upya, siku uliyoingia ndo siku ya kwanza, kwa hiyo safari ikiwa kabla ya tarehe yako huna haja ya kuripoti kwanza. Ila wewe una ekstensheni! Ukivuka bila kibali cha kuingia tena, ekstensheni inakufa palepale mpakani, unarudi kama mtalii na kazi yote ya shule, makaratasi yote, yanaanza moja. Fomu ni TM8, baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kama utatoka na kuingia mara nyingi. Kachukue ofisi ya uhamiaji ya mkoa wako kabla ya kusafiri, usiende na matumaini kwamba utaipata mpakani.

Mpiga Box

Mi naona mnamtisha tu ticha wa watu. Aende karipoti na anwani ileile ya shule, ipo kwenye sistimu tayari, hakuna atakayemuuliza, mambo ya kubembelezana na mwenye nyumba ya nini. Ikitokea faini si elfu mbili tu atalipa yaishe.

Mkaazi BKK

@Mpiga Box hapana ndugu yangu, huo ushauri naupinga kabisa. Kuandika kwenye fomu ya serikali anwani ambayo hukai ni kutoa taarifa ya uongo na anayesaini ni yeye sio wewe wala mimi. Kuchelewa kunalipika kwa faini, uongo ni kesi nyingine. Halafu mwaka ukiisha atarudi na mkataba wa kondo kuomba ekstensheni mpya, pale wanafungua rekodi zake wanakuta anwani mbili tofauti na aliripoti ile ambayo alishahama, ataeleza nini? Na wakati mwingine wanakuja kabisa kukagua nyumbani, hasa kwa wenye viza za ndoa. Yeye ni mgeni na kazi yake inategemea pasipoti hiyohiyo, tusimwingize kwenye shimo kwa sababu ya kukwepa usumbufu wa asubuhi moja.

Ticha wa Kaskazini

Asanteni sana, hiyo ya kibali cha kuingia tena sikuwa naijua na hakuna mtu hata mmoja hapa aliyenitajia. Anwani ya uongo siandiki. Sasa kwenye TM30, kama mwenye nyumba amegoma kabisa naweza kuipeleka mwenyewe? Na hiyo faini?

Mama Chiang Mai

Mwanangu, kisheria TM30 ni wajibu wa mwenye nyumba na faini ni yake, kwa mtu binafsi haizidi baht 2,000, hoteli ndo inaanzia 2,000 mpaka 10,000. Lakini pale dirishani anayehitaji huduma ni wewe, yeye hayupo, kwa hiyo mara nyingi anayetoa hela ni mpangaji ili kazi iendelee. Ndo ilivyo, jiandae kwa hilo.

Ofisi nyingi zinakubali mpangaji aipeleke mwenyewe akiwa na karatasi za mwenye nyumba: kopi ya kitambulisho chake, kopi ya kile kitabu cha nyumba cha bluu wanachokiita tabien baan, mkataba wa pango, na kopi za pasipoti yako ukurasa wa picha, viza, muhuri wa mwisho wa kuingia na muhuri wa ekstensheni. Kuna ofisi zinataka na barua ya mwenye nyumba ya kukupa mamlaka, kwa hiyo piga simu au pita kwanza uulize, maana mkoa na mkoa hawafanani, mimi nimeishi mikoa miwili na kila mmoja ulikuwa na utaratibu wake.

Kuhusu huyo mwenye nyumba, usimchukulie kama mtu mbaya. Wengi wao wanaogopa vitu viwili, kwamba jina likiingia serikalini watadaiwa kodi ya mapato ya pango, na kwamba kopi ya kitambulisho chao itaenda kutumika kwingine. Ya kodi huwezi kumsaidia. Ila hiyo ya kitambulisho inatibika, mwambie achore mistari miwili ya mshazari juu ya kopi na katikati aandike kwa Kithai kwamba ni ya TM30 tu kwa ajili ya chumba namba fulani, aweke tarehe na asaini hapohapo. Wathai wenyewe wanafanya hivyo kila siku benki na kwingine, akiona unalijua hilo moyo wake unatulia. Na usimbane kwenye LINE peke yake, nenda ofisi ya chini ya kondo yenu uwaombe wampigie, lugha yao wenyewe kwa wenyewe inafanya kazi haraka. Mwambie pia anaweza kufanya onlaini, akishajisajili mara moja wapangaji wengine wanaokuja haimchukui muda.

Kitu kingine, mkataba wako angalia mwaka umeandikwaje. Wakiandika 2568 ni 2025, wanaongeza 543 juu ya mwaka wetu. Kwenye fomu usichanganye kalenda mbili.

Baharia

Na ukirudi Laos kwenye kondo ileile usikubali mtu akwambie lazima TM30 nyingine. Tangu katikati ya 2020 walilegeza, ukirudi anwani ileile iliyokwisharipotiwa na ruhusa yako bado hai, haitakiwi upya. Tembea na risiti ya TM30 ndani ya pasipoti, ofisi nyingine bado wanaiuliza.

Ndugu wa Isaan

Mimi nasemea tu njia za kuripoti. Ripoti ya kwanza kabisa nenda mwenyewe, zinazofuata unaweza onlaini au posta. Posta tuma kwa rejista, ifike siku 15 au zaidi kabla ya tarehe, weka TM47 iliyojazwa na kusainiwa, kopi za pasipoti, kile kikaratasi cha zamani, na bahasha yenye stempu na anwani yako ili wakurudishie kipya. Risiti ya posta usiitupe mpaka kikaratasi kifike mkononi. Onlaini wakishakubali printi uweke kwenye pasipoti, na ukiona tarehe imeshapita usipoteze muda na mtandao, panda gari uende dirishani ndani ya zile siku 7. Aprili ndo angalia zaidi, Songkran (mwaka mpya wa Kithai) ofisi zinafungwa na siku 7 zinaliwa na sikukuu.

Ticha wa Kaskazini

Mrejesho: dada wa ofisi ya kondo kampigia leo na amekubali, kesho analeta kopi zote mbili. Nikizipata naenda na TM30 na TM8 safari moja. Swali moja tu, saini yake inatakiwa kwenye kila kopi au ya kitambulisho inatosha?

Mama Chiang Mai

Kila kopi mwanangu, kitambulisho na kila ukurasa wa kitabu cha nyumba, kalamu ya bluu. Na zako za pasipoti saini wewe. Nenda asubuhi kabla hawajafungua, wakifunga kwa chakula cha mchana foleni ya saa saba inakuwa ndefu.