Nilipeleka ushahidi kwamba diski ni bandia, nikajibiwa: "Baba, mambo haya waachie wanao"

Mlinzi wa Faili (mleta mada):

Wakuu, nawasalimu, ingawa salamu yenyewe inatoka kwenye kifua kinachochemka. Nimerudi kutoka Kariakoo muda si mrefu, viatu bado vina vumbi, na kama hasira ingekuwa umeme, usiku huu ningewasha taa za wilaya nzima. Duka silitaji, wala hakuna haja ya kulitaja, kwa sababu kila aliyewahi kununua hata kava la simu katika mtaa ule analijua, na yule kijana wa kaunta anayekuhudumia huku akichati, bila kukutazama usoni, mnamjua pia.

Kijana huyo amenitamkia mbele ya foleni ya wateja, kwa sauti ambayo ninaamini ilivuka maji ikasikika Kigamboni: "Baba, mambo haya waachie wanao."

Nawaeleza kilichotangulia ili muone ukubwa wa tusi. Nilinunua kwake diski ya nje aina ya SSD, ile inayohifadhi data kwenye chipu, ya terabaiti mbili, yaani gigabaiti 2,000, kwa shilingi laki tatu na themanini, bei ambayo haina harufu yoyote ya dezo, na nikapewa risiti. Kwangu mimi kifaa cha kuhifadhia hakiingii kazini kabla sijakipima. Niliiunganisha na kompyuta nikaendesha H2testw, programu ya bure iliyoandikwa na Harald Bögeholz wa jarida la kompyuta la c't la Ujerumani, ambayo huijaza diski nzima data kisha huisoma yote upya ili kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Boksi lilijinadi kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Diski ilijikongoja kwa kasi ya USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000, ikala zaidi ya siku nzima, usiku na mchana, na mwishowe programu ikatoa hukumu: nafasi ya kweli haifiki gigabaiti 60, na yote yaliyoandikwa baada ya hapo yamepotea.

Nikayachapisha majibu hayo kwenye karatasi, nikaenda dukani kwa adabu zote, nikasubiri zamu yangu. Kijana hakuigusa karatasi. Alichomeka diski kwenye kompyuta yake, akageuza kioo kuelekea kwenye foleni, akaonyesha kwa kidole pale palipoandikwa 1.81 TB, akasema, "Si hizi hapa terabaiti zako mbili?" Nilipoanza kumweleza kwamba kompyuta husoma tu kile ambacho kidhibiti cha diski, yaani chipu inayoiendesha, kinajitangazia, na kwamba kidhibiti hiki kimepangwa makusudi kijitangazie uongo, ndipo aliponikata kauli: "Baba, mambo haya waachie wanao." Foleni nzima ikacheka. Akacheka mlinzi wa mlangoni. Nadhani hata zile simu za plastiki za maonyesho, ambazo hazina hata betri, zilicheka.

Wanangu! Mwanangu mkubwa yuko chekechea. Ndiye nimwachie kazi ya kupima diski? Nilianza kufungua kompyuta enzi za flopi za inchi tatu na nusu, zilizobeba megabaiti 1.44 na ambazo hazikuwahi kumdanganya mtu hata kilobaiti moja. Leo ninakumbushwa umri wangu na mtu asiyejua tofauti kati ya nafasi inayotangazwa na nafasi iliyopo, tena anauza hizo hizo nafasi!

Nilipofika nyumbani nilichukua bisibisi nikaifungua. Ndani ya gamba la alumini kuna kibao kidogo cha kusomea kadi, kadi moja ya microSD iliyoshikizwa kwa gundi, na kipande cha chuma kilichowekwa kuongeza uzito ili mkono wa mnunuzi uridhike. Hiyo ndiyo SSD ya laki tatu na themanini. Ubaya wa uongo wa namna hii ni kwamba hugundulika kwa kuchelewa: majina ya faili hubaki yote kwenye orodha, ukubwa wa kila moja huonekana sawasawa, na siku unapotaka kufungua video ya harusi ya mteja ndipo unapokuta haifunguki, kwa kuwa data yake ilielekezwa mahali ambapo hapakuwepo. Ni wangapi wameweka humo tasnifu zao, hesabu za biashara, picha za wazazi waliokwisha kufariki? Na mimi niliyeligundua hilo mapema, nikaenda kumwonya muuzaji ili asiendelee kuwauzia wengine, ndiye ninayeambiwa niwaachie wanangu.

"Baba." Hata "kaka" hakuona. "Baba, mambo haya waachie wanao." Naombeni mawazo yenu, kwa sababu usingizi umeniruka.

Fundi Solda:

Pole sana mkuu, umepigwa, na si wewe peke yako. Diski za namna hiyo zinaletwa kwangu kila mara na watu wanaolia, nami huwa ninawajibu kwamba data iliyopita nafasi ya kweli hairudi kwa fundi yeyote, kwa sababu haikuhifadhiwa popote. Orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa diski, sehemu ambayo kweli ipo, ndiyo maana kila kitu huonekana kizima. Huyo kijana ninamfahamu. Mimi aliwahi kuniuzia bunduki ya solda, ile ya kuunganishia nyaya, ambayo ilichoma kila kitu isipokuwa solda, na niliporudi aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna umeme.

Binti Kilobaiti:

Mleta mada, tuseme ukweli. Mtu anatoka nyumbani kwake akiwa na ripoti iliyochapishwa, anapanga foleni Kariakoo wakati wa mchana wenye joto lile, kisha anataka kumsomea kijana wa kaunta mhadhara kuhusu vidhibiti vya diski huku nyuma yake kuna watu wanaotaka tu kava na kioo cha kubandika. Mimi ningekuwa kwenye hiyo foleni ningecheka pia. Ripoti uliifunga kwa utepe?

Mlinzi wa Faili:

Dada, karatasi ilikuwa moja, na sehemu muhimu nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili isimchukue muda. Sikumsomea mhadhara. Sentensi yangu ya kwanza haikufika hata kwenye kitenzi kabla hajaniambia niwaachie wanangu.

Mzee wa Risiti:

Tuache kucheka kidogo. Risiti uliyopewa ni ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, au ni kile kikaratasi cha kuandika kwa mkono? Kama ni ya EFD, ichukue pamoja na hilo gamba ulilolifungua uende Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye dhamana ya bidhaa bandia. Boksi pia usilitupe, kwa sababu maandishi yaliyo juu yake ndiyo ahadi aliyokuuzia.

Mlinzi wa Faili:

Ni ya mkono, mzee wangu, na imegongwa muhuri usemao "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilimwambia kwamba mali ninayoirudisha siyo aliyoiuza, kwa kuwa aliuza terabaiti mbili na mimi nimerudi na gigabaiti 60. Hapo ndipo alipotazama foleni na kusema lile neno kwa mara ya pili. Ndiyo, wakuu, alilirudia. "Waachie wanao, baba."

Jicho la Tatu:

Samahanini, mimi nimekwama kwenye jambo moja. Umesema kompyuta ya duka ilionyesha 1.81 na wewe ulinunua mbili. Hapo si ndipo ulipoibiwa? Hizo nyingine 0.19 zimekwenda wapi?

Mlinzi wa Faili:

Hapana, ndugu yangu, hapo sikuibiwa! Watengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni moja, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 mara nne na bado huandika TB, kwa hiyo diski halali kabisa ya terabaiti mbili huonyesha 1.81. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya diski ile iliyofanana na ukweli, na ndiyo aliyoionyesha kwenye foleni. Nakuomba usome tena aya ya nne.

Jicho la Tatu:

Nimeisoma. Bado 0.19 inanisumbua.

Nyota ya Tandale:

Kwa kuwa tunazungumzia nafasi, simu yangu mpya imeandikwa 128 kwenye boksi, lakini tangu siku ya kwanza, kabla sijapiga hata picha moja, ilikuwa imebakiwa na kama 104. Nayo ni bandia?

Fundi Solda:

Hiyo siyo bandia. Mfumo endeshi na programu zilizokuja na simu ndizo zilizokaa humo. Ukitaka kulalamika, lalamikia zile programu za michezo na mikopo ambazo hukuziomba na ambazo simu hairuhusu uzifute.

Mchaji wa Safari:

Wakuu, mleta mada ana bahati, yeye ameibiwa na diski iliyokaa mezani. Mimi nilinunua pawabenki iliyoandikwa 50,000 mAh (kile kipimo cha chaji inayobebwa) kwa ajili ya safari ya Mwanza. Ni nyembamba kuliko pochi yangu. Kufika Morogoro ilikuwa imekufa, na simu ilikuwa imepanda asilimia kumi na kitu. Ninayemzungumzia ni huyo huyo kijana anayechati. Kwangu hakusema "waachie wanao", alisema kwamba simu yangu ndiyo mlafi.

Fundi Solda:

Fanya hesabu kabla ya kununua. Namba iliyoandikwa ni ya seli za ndani, ambazo hufanya kazi kwa volti 3.7. Pawabenki ya kweli ya 20,000 mAh ina saa-wati 74, yaani nishati yote iliyobeba, na ukiigeuza kuwa volti 5 za USB inabaki 14,800 mAh, kabla hata hujatoa kinachopotea kwa joto. Ya 50,000 mAh ingekuwa na saa-wati 185. Kwa kawaida mashirika ya ndege hukataa kubeba yenye kuzidi 160, na iliyo juu ya 100 huombewa kibali. Kitu cha namna hiyo ni kizito, hakiwezi kuwa chembamba kuliko pochi.

Mchaji wa Safari:

Mimi nilisafiri kwa basi.

Mlinzi wa Faili:

Ndugu zangu, ninaelewa uchungu wa pawabenki, lakini uzi huu unahusu diski na lile neno. Kuna aliyewahi kurudishiwa fedha pale? Kuna aliyewahi kuitwa baba?

Binti Kilobaiti:

Mkuu, kwa hasira hizi hata mimi ninaanza kuhisi kwamba wewe ni baba. Ila sasa nisikilizeni mimi, kwa sababu yangu ni ya leo asubuhi. Simu yangu imepokea sasisho, na tangu hapo programu ya hali ya hewa inanionyesha tangazo la mkopo kabla ya kuniambia kama kuna mvua. Nimesimama kwenye baraza, wingu jeusi liko juu ya kichwa changu, nami ninasubiri sekunde tano ili nibonyeze alama ya kufunga, ambayo imefichwa kwenye kona na ni ndogo kuliko punje ya mchele. Nimelowa! Simu niliyoilipia kwa fedha taslimu inanikopesha huku nikilowa!

Nyota ya Tandale:

Dada, hata mimi! Kwangu limekuja kwenye kikokotoo. Ninajumlisha bei ya nyanya, linakuja tangazo la kubashiri mpira.

Mchaji wa Safari:

Kwangu lipo kwenye tochi. Tochi, wakuu! Umeme umekatika, ninawasha tochi, inaniuliza kama ninataka kupunguza kitambi.

Mzee wa Risiti:

Hilo la tochi linapaswa kuwa na uzi wake.

Fundi Solda:

Hakuna haja ya uzi mwingine. Ingieni kwenye Mipangilio, tafuteni sehemu ya faragha, kisha zimeni "mapendekezo" na "matangazo yanayokufaa". Baada ya hapo fungueni kila programu moja moja, kwa sababu katika simu nyingi za aina hiyo kila programu ina swichi yake iliyofichwa. Programu ya tochi iliyopakuliwa ifuteni kabisa, maana simu tayari ina tochi yake kwenye menyu ya juu.

Binti Kilobaiti:

La hali ya hewa limeondoka! Fundi, Mungu akuzidishie. Je, lile la kwenye kibodi linazimwa wapi?

Nyota ya Tandale:

Kibodi nayo ina matangazo?

Jicho la Tatu:

Kwangu swichi ya faragha haionekani. Simu yangu ni ya mwaka 2021, wekeni picha ya skrini tafadhali.