Ati mimi "ninakula taa"! Yule bwana wa tamthilia amevuka mpaka

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninaandika huku mikono ikinitetemeka, na poda yao ya kuigizia bado imo masikioni mwangu. Yule bwana mnamjua, mwongozaji wa tamthilia niliyoitwa kuigiza, yule yule anayezunguka Hurumzi na shali shingoni katika jua la Kaskazi, anayewaita watu wazima kama anayeita paka. Leo asubuhi, mbele ya watu arubaini na muuza madafu, amenitazama juu mpaka chini, akasema: "Wewe rudi nyuma, unakula taa."

Ninakula taa! Yaani ngozi yangu nyeusi inameza mwanga wao. Nilifanya usaili mara mbili, nikayakariri maneno ya binti wa Sultani mpaka mama akawa ananijibu kutoka jikoni, na nikapimwa joho la dhahabu likanikaa. Kisha msichana wa vipodozi akafungua sanduku lake, na ndani mlikuwa na poda tatu, ambazo hata ile iliyokoza kuliko zote ilikuwa rangi ya unga wa ngano. Aliponimaliza nilikuwa kama maiti aliyefukuliwa kwenye gunia la saruji. Hapo ndipo yule bwana alipochungulia kamera yake na, badala ya kuisogeza taa, akanisogeza mimi. Nilivuliwa joho, nikapewa kanga iliyopauka na dele la kahawa, nikasimamishwa nyuma ya mlango nionekane kiwiko tu, na joho akavikwa msichana mweupe aliyekuja kutazama.

Masuria wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, walikuwamo Wahabeshi na Wachirkasi, na watoto wao wote walikuwa watoto wa jumba. Nani kati yao aliyefichwa nyuma ya mlango kwa kula taa?

Na hadithi hiyo ya taa ni kongwe. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na kampuni ya Kodak ilisukumwa kurekebisha mikanda yake ya picha na malalamiko ya wauza chokoleti na watengenezaji wa samani za mbao. Yaani kabati limehurumiwa kabla ya uso wangu! Kamera za leo zinampiga picha popo ndani ya pango, lakini mimi, mchana kweupe, ninakula taa.

Mwana wa Malindi: Pole, dada, lakini umelia kurasa nzima na hukusema kama umelipwa. Ikiwa umelipwa, endelea kuila hiyo taa mpaka ushibe.

Bi Mkubwa wa Kikwajuni: Mwache mwenzio, mwanangu, hujavuliwa joho wewe. Mwaka 1940 Hattie McDaniel, mwigizaji wa Marekani, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Oscar, kwa nafasi ya mtumishi, na usiku huo huo wa ushindi wake alikalishwa kwenye meza ya ukutani, mbali na waigizaji wenzake. Wenye tabia hiyo hawajesha, wamehamia kwetu.

Kijana wa Wete: Nyinyi wa Unguja mnagombea mlango, na sisi Wapemba hata mlango hatujapewa. Kila tukitajwa kwenye tamthilia hutokea mzee mwenye chetezo na macho mekundu, ngoma ikalia, na mtu akageuka paka. Baba yangu ana miaka sabini, anachuma karafuu, na hajawahi kumgeuza mtu hata kuku.

Mwana wa Malindi: Na lafudhi je? Wanawaleta waigizaji kutoka mbali, wakawafundisha neno moja tu, "yakhe", la kuitana marafiki, kisha bibi wa miaka themanini anamwita mkwewe yakhe, kadhi anaitwa yakhe, na maiti naye akiagwa anaitwa yakhe.

Mwenye uzi: Jamani, mimi nimeambiwa ninakula taa, mbele ya muuza madafu!

Kijana wa Wete: Tumekusikia, dada. Mwana wa Malindi, hiyo yakhe ni afadhali. Mimi nimemwona mvuvi wao wa Kipemba akipiga pondo, ule mti wa kusukumia chombo kwa kugusa chini, katikati ya Mkondo wa Pemba, penye kina cha mamia ya mita. Pondo hiyo imekatwa mti gani?

Mwana wa Malindi: Labda waliunganisha minazi yote ya Wete.